Udongo wa bonsai: Mawe ya Bonde la Ufa yatosha, hakuna haja ya kuagiza Japani

Mti wa bonsai unapokauka, aghalabu lawama huelekezwa kwa jua, wadudu au mkono wa mtunzaji. Hata hivyo, ukiung'oa na kuitazama mizizi, mara nyingi chanzo hudhihirika: mizizi imeoza kwa kukaa katika udongo uliojaa maji.

Bonsai ni ufundi wa kukuza mti wa kawaida ndani ya chungu kifupi, kwa kuupogoa matawi na mizizi ili ubaki mdogo huku ukizeeka. Asili yake ni Uchina, nao Wajapani wakaukamilisha.

Chungu chenyewe huwa na kina cha sentimita chache tu. Katika chombo kama hicho, maji hayamaliziki kutoka, bali hushikwa na tabaka la chini la udongo. Chembe za udongo zikiwa ndogo sana, tabaka hilo huwa nene na mizizi hukosa hewa.

Ndiyo sababu udongo wa shambani haufai peke yake, hata ule mwekundu wa Kiambu na Murang'a unaosifika kwa kahawa na majani chai. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni mbaya zaidi, kwani hufura unapolowa na kupasuka unapokauka, ukiikata mizizi midogo.

Wajapani hutumia akadama, udongo wa volkano wenye punje ngumu, pamoja na kanuma, uliopewa jina la mji wa Kanuma katika mkoa wa Tochigi. Kuuagiza ni gharama kubwa. Isitoshe, udongo wa kigeni unaweza kubeba magonjwa ya mimea, na uingizaji wake hudhibitiwa na shirika la KEPHIS.

Kwa bahati nzuri, Kenya ina volkano zake. Mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayotumiwa kusugulia nyayo, hupatikana kwa wingi kandokando ya Longonot na Naivasha. Mawe hayo hushika maji ndani ya vitundu vyake huku yakiacha nafasi za hewa baina yao.

Mawe mekundu na meusi ya volkano hupatikana pia katika eneo la vilima vya Chyulu. Haya ni mazito kidogo, nayo huusaidia mti kusimama imara.

Badala ya akadama, matofali ya udongo yaliyochomwa vyema au vigae vya paa vilivyovunjika huweza kupondwa. Vipande hivyo vilowekwe kwenye maji usiku kucha. Vikigeuka matope, havifai.

Mchanga wa mtoni wenye punje kubwa hufaa pia. Ule wa baharini uepukwe kwa kuwa una chumvi na vipande vya makombe vyenye chokaa. Kwa upande wa mboji, samadi iliyooza kabisa au makumbi ya nazi yaliyooshwa hutosha. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Jambo la kuzingatia ni mahali vitu hivi vinapotoka. Longonot na Hell's Gate ni mbuga za taifa, na si ruhusa kubeba mawe humo. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016 nayo huhesabu udongo na mawe kuwa mazao ya msitu, hivyo kuyachukua bila kibali katika msitu wa umma ni kosa.

Kuhusu mchanga, uchimbaji holela umekausha mito ya Ukambani kiasi kwamba Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka wa 2015. Ni heri kununua kiasi kidogo kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi mwenye kibali, na mawe kwa wenye machimbo halali.

Baada ya kupondwa, kila kitu hupitishwa kwenye chekeche mbili. Punje za milimita 2 hadi 6 ndizo huhifadhiwa. Vumbi hutupwa, maana ndilo huziba nafasi za hewa. Kisha punje huoshwa hadi maji yatoke safi.

Kwa mugumo au mkwaju, mtu anaweza kuanza na sehemu mbili za mawe mepesi, moja ya matofali na moja ya mboji. Penye joto na upepo mkali, kama Pwani, mboji huongezwa kidogo. Penye mvua nyingi hupunguzwa.

Mchanganyiko hujaribiwa kabla ya kupanda. Maji yakimiminwa chunguni yapaswa kupenya mara moja na kutoka chini. Yakituama juu, chekeche irudiwe.

Debe moja la lita 20 hutosha vyungu sita vya lita tatu kila kimoja. Mti ukihamishwa baada ya miaka miwili au mitatu, mawe yaliyosalia magumu huoshwa, yakachekechwa na kutumiwa tena.