Mwalimu wa pili: kutoka Buigiri 1950 mpaka Mwimbi

Najua nimewatupa, wiki nane nzima hapa hakuna kitu. Nilikuwa fildi, Mwimbi, huko Ufipa, wilaya ya Kalambo. Nyie mliopangiwa Moro na Dar hamjui baridi. Mwezi wa saba naingia kipindi cha kwanza na koti juu ya sweta, wanafunzi wananiangalia na kucheka. Maharage ya huko siyasemi, nitawatia njaa bure.

Ila leo sio habari za baridi. Nataka kuandika historia, maana ndiyo somo langu, na maana historia ya elimu maalumu niliisoma kama wengi wetu tunavyosoma: unakariri miaka, unamwaga kwenye pepa, unasahau. Mwimbi imenirudisha kwenye madaftari.

Nianze na kosa langu. Siku ya tatu nilimwambia mwanafunzi mmoja asome sentensi niliyoandika ubaoni. Ni mwenye ualbino, alikuwa amekaa nyuma, karibu na dirisha. (Jina sitaji, shule sitaji, hata kidato sitaji, mbele mtaona kwa nini.) Akanyamaza. Nikarudia, akanyamaza, darasa zima kimya. Nikaona huyu ananigomea kwa kuwa mimi ni mwalimu wa mazoezi, nikamsimamisha mpaka kengele. Nje nikakutana na madam mmoja aliyekuwa amesikia yote kutoka darasa la jirani. Akaniambia taratibu tu, "Ticha, yule hakukugomea. Haoni. Na pale dirishani jua linampiga machoni."

Jamani. Kozi ya uoni hafifu nilifaulu. Najua kabisa kwamba wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, kwamba miwani haimalizi tatizo, kwamba mwanga mkali unawaumiza, kwamba akae mbele na maandishi yawe makubwa. Niliyaandika yote hayo kwenye mtihani. Darasani sikuyakumbuka hata moja.

Madam alisomea elimu maalumu Patandi, kule Tengeru, Arusha. Tukakubaliana awe anaingia kwenye vipindi vyangu viwili kwa wiki, tufundishe wote. Na hapo ndipo nikaanza kujiuliza: hivi huyu mwalimu wa pili darasani ametokea wapi? Mbona kwenye noti zetu za historia ya Tanzania hayumo?

Turudi nyuma. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilianzishwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana pale Buigiri, njia ya Dodoma kwenda Dar, wengi mnaipita kila likizo mkiwa mmelala kwenye basi. Miaka ya mwanzo ya uhuru zikafuata nyingine, nazo nyingi ni za makanisa: Walutheri Irente, Lushoto, 1963, kwa wasioona, Wakatoliki Tabora, mwaka huohuo, kwa viziwi, Jeshi la Wokovu Mgulani, Dar, 1967, kwa wenye ulemavu wa viungo. Tusiwabeze, bila wao kusingekuwa na kitu. Lakini angalieni ramani. Mzazi wa Ufipa mwaka 1963 mwenye mtoto kiziwi angempandisha lori mpaka Mpanda, ndipo waipate treni ya Tabora. Mtoto wa miaka saba. Wangapi walipelekwa unafikiri? Mimi naona ile tabia tunayowalaumu nayo wazee wetu, ya kuficha watoto ndani, nusu yake ilikuwa umbali tu.

Halafu likaja Azimio la Musoma, 1974, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote. Tunaisifia sana, na inastahili, watoto walijaa madarasani na mwalimu alikuwa mmoja. Sasa mwalimu mmoja na darasa limefurika, asiyeona atafundishwa saa ngapi? Njia iliyopatikana ikawa vitengo: shule ya kawaida, lakini chumba cha pembeni chenye mwalimu wake. Mtoto yupo ndani ya uzio uleule, mapumziko anacheza na wenzake, kengele ikilia wanaachana. Kumbe mwalimu wa pili alikuwepo siku zote, ila yuko chumba kingine!

Kuwaleta walimu wawili chumba kimoja ni wazo lililopata nguvu zaidi Marekani, baada ya sheria yao ya mwaka 1975 kutaka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana. Ukisema wasome pamoja, lazima mwalimu wao naye awafuate. Mwaka 1994 serikali 92 zikakutana Salamanca, Hispania, zikatamka kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa kila mtoto. Sisi tukaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, tukatunga sheria yetu mwaka 2010. Karatasi zote zipo, na zimeandikwa vizuri tu.

Lakini kuna sehemu ya historia hii ambayo ilirudi kinyumenyume, na ndiyo sababu nimemficha mwanafunzi wangu. Wakati Salamanca imeshasema watoto wasitengwe, kuanzia katikati ya miaka ya 2000 wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, zaidi Kanda ya Ziwa, na Rukwa nako, mwaka 2013, mashambulizi yalitokea. Watoto wakakusanywa kwenye shule za bweni kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, ili wawe salama. Ungemwambia nini mzazi wakati ule, elimu jumuishi? Kutengwa kulikuwa ndiyo uhai. Mama wa huyu mwanafunzi aliniambia alishauriwa mara mbili ampeleke mbali, akakataa mara zote mbili, na mpaka leo kuna mtu wa kumsindikiza kijana akitoka shule. Nilipomsimamisha siku ile, nilikuwa namsimamisha mtu ambaye kufika tu darasani ni kazi ya familia nzima.

Sasa kuhusu kufundisha wawili. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, naomba nikiri. Mimi naongea, madam amesimama nyuma kama mkaguzi, natetemeka. Tukakaa tukagawana: mimi naeleza, yeye anazunguka, wiki nyingine yeye anaeleza, mimi nazunguka. Kijana tukamhamishia mbele, mbali na dirisha. Somo la njia za misafara ndilo lililokubali kuliko yote. Madam alichukua boksi kubwa, akachora Tanganyika, akabandika kamba za katani kuwa njia, maharage kuwa miji, ulezi kuwa ziwa. Kijana akaweka uso karibu kabisa na boksi, kidole kikatoka Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Kisha akauliza Karema iko wapi, nikamwonyesha, nikamsimulia kituo cha Wabelgiji cha 1879 na jinsi White Fathers walivyokichukua 1885. Akauliza tena, "Na Mwimbi?" Mwimbi hatukuwa tumeiweka. Darasa zima likainuka kubishana ni wapi pa kubandika harage, wale wenye macho mazima ndio waliosukumana zaidi kushika ramani.

Mtihani wa kumaliza mada alisoma maswali yaliyoandikwa kwa maandishi makubwa, kama Baraza la Mitihani linavyofanya, na madam alimwongezea muda. Alipata 61. Sio wa kwanza, wala sio wa mwisho.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba pale shuleni mwenye mafunzo hayo ni madam peke yake, na mimi nilikuwa wa wiki nane tu. Akihamishwa kesho, kijana ana ubao wa mbali na mwalimu mmoja, yaleyale ya 1977. Nilimuuliza akihamishwa itakuwaje, akacheka, akasema ameshaanza kuwafundisha walimu wawili wa sayansi wakati wa chai.

Juzi amenitumia meseji: panya wamekula ulezi wote wa Ziwa Tanganyika, anauliza kama nina gundi ya kumtumia. Nimemjibu asubiri bumu litoke.