Kuzuia Oili Isivuje

Katika miongo ya mwanzo ya motokaa, injini isiyovuja oili ilikuwa nadra. Viungo vya Ford Model T, iliyotoka 1908, vilizibwa kwa vitu kama felti, na mwaka 1918 kampuni ya Felt Products ilianzishwa Chicago kwa biashara hiyo. Kifuniko cha valvu na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, vilikuja kuwekewa gasketi za gome la mti, lilelile la vizibo vya chupa.

Kazi ngumu ilikuwa nyuma ya injini, krankshafti inapotokea, kwa kuwa hapo kinachozibwa kinazunguka. Wamarekani walishindilia kamba ya asbesto yenye grafiti. Waingereza, katika injini ya A-series ya 1951 iliyofungwa kwenye Austin A30 na baadaye Morris Minor, hawakuweka sili kabisa: walichonga hesi iliyoirudisha oili ndani krankshafti ilipozunguka. Injini ikizimwa, hesi nayo imesimama. Matone machache chini ya magari hayo, basi, si ubovu.

Dawa ilitoka Ujerumani, kwa watengeneza ngozi wa Freudenberg mjini Weinheim. Katika miaka ya 1930, sili ya mhandisi wao Walther Simmer, yenye mdomo unaobanwa na springi, ilihama kutoka ngozi kwenda mpira wa kiwandani, kwani mpira wa asili huvimba ukikaa na oili.

Nyumbani, mwenye gari akiona oili hukimbilia spana. Gasketi ya gome ikikazwa mno husagika, na bati la sampu hubonyea kwenye matundu ya bolti, hivyo uvujaji huzidi. Sampu hushushwa, matundu yakanyooshwa kwa nyundo juu ya ubao, ndipo gasketi mpya ikawekwa. Ikikosekana, karatasi ya gasketi hutandazwa juu ya kifaa na kugongwagongwa ukingoni hadi ikatike, ufundi ambao gereji za Afrika Mashariki bado zinao. Silikoni ilirahisisha kazi, ila ikizidi humenyukia ndani na kuziba chujio la pampu.

Mara nyingine sili haina kosa. Magari mapya yaliyouzwa California mwaka 1961 yalianza kuwekewa valvu ya kurudisha moshi wa ndani ya injini kwenye silinda. Ikiziba, mgandamizo husukuma oili hata kwenye sili nzima. Kuikagua ni kuichomoa na kuitikisa: iliyo nzima hugonga.