Dhamana Kabla ya Pingu

Nikisoma historia ya migogoro ya ardhi nchini India, hila moja hujirudia: mkataba wa kuendeleza kiwanja ukivunjika, mwenye nguvu hukimbilia polisi, akageuza madai kuwa jinai ya utapeli. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1898 haikutoa kinga mahususi. Tume ya Sheria iliitambua hila hiyo mwaka 1969. Kifungu cha 438 cha sheria ya mwaka 1973 kikaruhusu dhamana kabla ya kukamatwa. Jimbo la Uttar Pradesh lilikifuta mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari (si ajabu), likakirejesha mwaka 2019. Kwa miaka 43, mkulima aliyebambikiwa kesi huko alilazimika kufungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu, njia iliyomfaa zaidi mwenye fedha za wakili.