HIJA NI IBADA YA MIGUU



Ndugu msomaji, siku hizi mtu wa Mji wa Kale akienda Hija twamsindikiza uwanja wa ndege, na baada ya saa chache twapata habari kuwa ameshafika Jeddah. Je, wazee wetu waliotangulia walikwendaje?

Safari yao ilianza baharini, na jahazi huenda kwa pepo. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Lakini Mfungo Tatu haungoji pepo: kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Basi ikiwa Hija imeangukia mbali na kusi, mwenye kuazimia ilibidi atoke Mvita miezi mingi kabla. Tena kuanzia 1882 kulikuwa na karantini ya Dola ya Uthmaniyya katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, kwa mahujaji wanaoingia kutoka upande wa kusini.

Na ukishuka Jeddah hujafika! Kutoka hapo hadi Makka ni kama kilomita 80 za mchanga na vilima. Mwenye nacho alikodi ngamia, asiye nacho alitia miguu njiani.

Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alipita njia hiyo Agosti 1183, wakati wa joto kali. Anasimulia kwamba walitoka Jeddah jioni, wakasafiri usiku kucha, na jua lilipochomoza wakafika al-Qurayn, kituo ambacho mahujaji walikuwa wakivalia ihramu. Mchana kutwa wakapumzika. Jioni wakaondoka tena, na karibu na alfajiri wakawa wameikurubia Haram. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku moja ya njia ya Makka: usiku mwendo, mchana kivuli. Hebu mfikirie fukara aliyefuata misafara kama hiyo kwa miguu, chakula chake begani.

Watu wetu miguu yao ilikuwa imezoea. Ibn Battuta alipofika Mombasa 1331 aliwasifu kwa dini na uaminifu, na akataja kwamba walikwenda pekupeku, na mlangoni pa msikiti huosha miguu na kuifuta juu ya mkeka ndipo waingie.

Miaka ya 1920 magari yakaanza kubeba mahujaji huko Hijazi. Utasema, basi mambo ya miguu yamekwisha. La! Tawafu ni kutembea mizunguko saba. Kusai baina ya Safa na Marwa ni zaidi ya kilomita 3. Kutoka Mina hadi Arafa ni kama kilomita 14, na mpaka leo wako wanaozikata kwa miguu. Katika Surat al-Hajj, aya ya 27, Mwenyezi Mungu amewataja wanaokuja kwa miguu kabla ya wanaokuja juu ya wanyama.

Sasa tujiulize sie vijana. Kwa nini ibada ya miguu twaiwekea akiba ya uzee? Twasema: nikishaoa, nikishajenga, watoto wakimaliza shule. Mwisho pesa zapatikana na magoti yamekwisha. Wazee walioko kwenye viti vya magurudumu hatuwalaumu, Mola atawalipa kwa nia zao. Na asiye na uwezo hakulazimishwa. Lakini uwezo si pesa peke yake, na afya pia ni uwezo, nayo haiwekwi benki.

Wahenga wetu walihesabu miezi kuanzia Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Kumbe mwezi wa Idi ukiandama tu, miezi ya Hija imeingia. Basi anza Ramadhani hii hii. Weka kidogo kidogo, hata iwe shilingi 50 kwa siku. Na usiku ukienda tarawehe acha tuktuk, nenda kwa miguu. Kila hatua ya kuendea msikitini ina ujira wake, na magoti nayo yatajifunza njia.

Mola atujaalie tufike tukiwa na nguvu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.