Gwiji ni Shahidi, Si Hakimu

Tukibishana vijana juu ya Kiingereza sanifu, atatokea mmoja ataje Shakespeare, ubishi kwisha. Mimi nasema bado! Mwaka 1672 John Dryden alimlaumu Ben Jonson, gwiji aliyemtangulia, eti anamalizia sentensi kwa kihusishi. Mwaka 1684 Dryden akachapa upya insha yake ya 1668, akapangua sentensi zake mwenyewe zilizoishia hivyo. Sasa tumfuate gwiji yupi? Mwaka 1762 kasisi Robert Lowth akatoa kitabu cha sarufi, akawasahihisha hata Shakespeare na Milton. Lakini Waingereza mitaani wanamalizia kwa kihusishi mpaka leo. Basi, wenzangu wa kalamu, gwiji anatoa ushahidi tu. Hukumu wanayo wasemaji.