Mlango wa Shule Uchagani: Kutoka kwa Mangi Rindi Hadi Usaili wa Chekechea



Siku hizi si ajabu binti wa Unguja au Pemba kuolewa Moshi. Akishafika huko, akazoea baridi na ndizi za kila namna, kitakachomshangaza baada ya hapo ni shule. Mtoto hajatimiza hata miaka mitatu, mawifi wameshaanza kumuuliza: "Mama Fulani, umechukua fomu?" Fomu ya nini tena? Ya chekechea. Fomu inauzwa, na kuna siku ya usaili. Mtoto anaingizwa ndani kuulizwa rangi na namba kwa Kiingereza, na mama yake amekaa nje kwenye benchi, moyo unamdunda kuliko siku ya nikaha yake.

Ni rahisi kucheka, kusema hao wanapenda makuu. Mimi nadhani tukiijua historia ya pale mlimani tutacheka kidogo tu. Watu wa Kilimanjaro wamegombea nafasi ya shule kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila zama mlango ulikuwa na mwenyewe, na mwenye mlango alikuwa na sharti lake.

Tuanze na jina. Moshi tunayoshukia basi, yenye stendi na mnara wa saa, ni mji mpya. Reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, ikaishia tambarare, na mji ukaifuata huko chini. Moshi yenyewe ya asili iko juu, katika migomba na mifereji, na ndiyo hiyo wanayoiita Old Moshi. Hapo ndipo alipotawala Mangi Rindi, ambaye wageni wengine walimjua kwa jina la Mandara. Rindi alikuwa anakijua Kiswahili vizuri, maana misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipita kwake kwa biashara ya pembe. Kwa hiyo Uislamu na lugha yetu vilijulikana Old Moshi kabla mzungu hajajenga darasa.

Mwaka 1885 Rindi akawakubalia wamisionari wa Kiingereza wa CMS wakae kwake. Lakini msidhani alikuwa na hamu ya kusikiliza mahubiri. Alichokitaka ni bunduki na mafundi, na heshima ya kuwa na wageni wakubwa ambao mangi jirani hana. Shule ilikuja ndani ya mapatano hayo, kama kitu cha nyongeza. Rindi alikufa mwaka 1891. Mwanawe Meli akawashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, wakamrudia mwaka 1893 wakamshinda. Wale Waingereza walikuwa wameshaondoka kwenda Taveta mwaka 1892. Walutheri wa Leipzig wakaingia mlimani mwaka 1893 kupitia Machame, na mwaka 1896 wakajenga Kidia, hapo hapo Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa pamoja na wenzake. Baada ya hapo mangi hakuwa tena na nguvu ya kupanga mgeni afundishe nini. Mlango wa shule ukawa wa misheni.

Hapa kuna mtu mmoja napenda mumjue, Bruno Gutmann, mchungaji wa Kijerumani aliyeishi Old Moshi miaka mingi kuanzia 1910 hadi 1938, ukiondoa muda aliokatizwa na vita na yaliyofuata baada ya vita. Huyu alikuwa msimamizi wa shule na kanisa, na wakati huo huo aliiogopa shule! Aliona kwamba elimu inamtoa mtoto katika ukoo wake, majirani zake na rika lake, inamfanya awe mtu wa peke yake. Akakaa na wazee akaandika mafundisho waliyopewa vijana wa Kichagga wakati wa jando, vitabu vikubwa kabisa. Sisi wenye makungwi na masomo tutaelewa haraka anachokisema: kuna elimu ambayo hupewi darasani, unapewa na mtu mzima anayekujua tangu utotoni, na ikikatika hakuna mtihani utakaoonyesha kwamba imekatika.

Gutmann alipenda watoto wafundishwe kwa Kichagga. Lakini wazazi walikuwa na mahesabu yao. Kichagga mtoto ameshapewa na mama yake bure, kwa nini aende shule kukitafuta? Karani wa serikali alihitaji Kiswahili, na juu ya karani kulikuwa na Kiingereza. Kila kizazi kimetafuta lugha ya ngazi ya juu yake. Kwa hiyo yule mama wa leo kwenye benchi, anayemfundisha mtoto kusema "blue" na "yellow" usiku kucha, hakuanzisha yeye.

Sasa Waislamu walikuwa wapi? Mlima uligawanywa: Walutheri walishika Machame, Old Moshi na Marangu, Wakatoliki wakashika Kilema, Kibosho na Rombo. Mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe ajue kusoma kwa herufi za Kizungu alikuwa na njia chache. Chuo cha Kur'ani kilikuwepo, lakini baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ya Kiingereza ikaanza kutoa ruzuku kwa shule zilizofikia vipimo vyake, na nyingi ya hizo zilikuwa za misheni. Chuo hakikuhesabiwa kuwa ni shule. Mwalimu wetu wa chuo, aliyemfundisha mtoto kusoma herufi za Mwenyezi Mungu kwa miaka, katika daftari la serikali hakuwepo kabisa.

Simulizi za wazee wa Kiislamu wa bara zimejaa habari za watoto walioingia shule kwa kubadilishwa jina, Juma akawa mtu mwingine asubuhi na kurudi kuwa Juma magharibi. Wengine walibadilika moja kwa moja. Na wengi zaidi wazazi wao waliwazuia nyumbani, na tukiwahukumu leo kwamba hawakupenda elimu tunawaonea. Walipenda, ila walisoma bei iliyoandikwa mlangoni wakaona hawaiwezi.

Kwamba bei ile ndiyo iliyokuwa tatizo, ushahidi upo. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, hawakuweka Ukristo katika masomo, na watoto wa Kiislamu wakaenda. Kwetu Unguja, wazazi waliisusa shule ya serikali mpaka ikaja na Kur'ani, na mwaka 1927 ilipofunguliwa shule ya serikali ya wasichana, waliompeleka binti yao walikuwa wameshahakikisha kwanza stara yake na dini yake. Old Moshi pia serikali ilifungua shule yake katika miaka ya 1920, ndiyo iliyokuja kuwa sekondari ya Old Moshi, ambayo kuingia kwake hakukuhitaji ubatizo. Ila nafasi zilikuwa chache, na za wavulana.

Watu huuliza kwa nini Wachagga hasa. Ardhi! Kwa desturi yao kihamba kilielekea kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati alitakiwa akajitafutie. Zamani alikata pori jipya. Pori lilipokwisha, akatafuta shule. Kahawa ndiyo iliyolipa ada, hasa baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa mwaka 1933. Lakini kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa sokoni vilikuwa vya mama, na daftari nyingi za mlimani zimenunuliwa kwa ndizi. Na binti je, ambaye kihamba hakumfikia kabisa? (Sheria yetu inampa fungu lake, wapendwa, msilisahau siku ya mirathi.) Kwake yeye cheti kilikuwa ndiyo shamba pekee.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikabadilisha mambo. Serikali ikazitwaa shule za misheni, na dini ikaacha kuwa sharti la kuingia. Chuo cha Assumpta cha Wakatoliki kikawa Weruweru, na chini ya Mama Maria Kamm, aliyeanza kukiongoza mwaka 1970, kikapokea wasichana wa dini zote kutoka kila pembe ya bara. Binti wa Kiislamu akaingia na jina lake.

Halafu likaja sharti jipya. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zikaanza kugawanywa kwa mikoa, ili iliyokuwa nyuma nayo ipate. Ulikuwa uadilifu, na nitausimamia, maana mtoto wa Lindi au wa Kigoma hakuchagua kuzaliwa mbali na kahawa. Lakini Kilimanjaro, yenye watoto wengi waliofaulu, waliachwa nje kwa maelfu. Wazazi hawakukaa kulia. Walichanga wakajenga shule zao, kupitia makanisa, Jumuiya ya Wazazi na vyama vyao, na mkoa ukaongoza kwa sekondari za binafsi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, nchi nzima, sekondari za binafsi zilikuwa zimekaribia kwa idadi zile za serikali.

Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ikafungua mlango huo huo kwa shule za msingi, na hapo ndipo ugombezi ulipoteremka mpaka kwa watoto wadogo. Mantiki yake ni nyepesi: sekondari nzuri huchukua kutoka shule ya msingi nzuri, na shule ya msingi nzuri huchukua kutoka chekechea yake mwenyewe. Anayechelewa chekechea anakuta darasa la kwanza limejaa. Mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, alhamdulillah, lakini foleni ya shule za Kiingereza haikupungua.

Mwenye mlango sasa ni pesa, ingawa sehemu nyingi za Moshi shule zenye sifa bado ni za kanisa. Kwa hiyo mama wa Kiislamu wa leo anarudishiwa swali la bibi yake, kwa lugha laini zaidi. Nimewaona wanaosema mtoto mdogo hana neno, ataimba nyimbo za asubuhi na atazisahau. Nami naona miaka mitatu mpaka sita ndiyo anayoshika kila anachokisikia. Kama hashiki, kwa nini tunamkimbiza kwenye Kiingereza mapema hivyo?

Basi ukienda kuchukua fomu, wewe bi harusi wa jana na mama wa kesho, waulize. Ibada ya asubuhi ni lazima kwa wote? Mtoto wa kike anaruhusiwa mtandio? Chakula kinapikwa na nini? Kuna mwalimu wa dini ya Kiislamu, au watamwachia nafasi ustadhi aingie? Jioni ataondoka saa ngapi, ili awahi chuo? Na wakubwa, Ijumaa wanatoka kwenda msikitini? Yaulize hayo kabla hujalipa, maana pesa ya fomu mara nyingi hairudi.