Vifaranga vya bata: jinsia, umri na aina

Katika bustani za Kilimani, mtaa wa Nairobi ambako maghorofa yamemeza nyua nyingi, mfugaji wa bata huanza kwa swali moja: dume au jike? Rangi ya kifaranga haisaidii sana. Kinachoaminika ni sauti. Kuanzia takriban wiki ya 6, jike la bata aina ya Pekin hupaza "kwaa!" kubwa, ilhali dume hukwaruza koo kama aliyepatwa na mafua. Mpakate mmoja mmoja, umsikilize. Unyoya uliojipinda juu ya mkia wa dume hujitokeza kati ya mwezi wa 3 na wa 4.

Muscovy, bata wa asili ya Amerika, ana kanuni zake: dume hutoa pumzi kama nyoka, hukua karibu mara mbili ya jike, wala hana unyoya huo. Kifaranga chake hutambulika kwa kucha kali. Mayai yake huanguliwa kwa siku 35, ya Pekin 28.

Umri husomwa kwenye manyoya: wiki 2 za kwanza ni laini tupu, ya mabawa hukamilika mwisho. Kufunua tundu la nyuma ili kujua jinsia huweza kumwumiza kifaranga; kazi hiyo aachiwe mtaalamu.